Kikombe cha Java na Kikombe cha Barazani: Nani Anauza Kahawa, Nani Anauza Kiti

Mzanzibari akirudi kutoka Nairobi, iwe alikwenda kutibiwa, kusoma au kuchukua mali, mara nyingi hurudi na swali kuhusu Java House. Mikahawa ile imeenea mji mzima mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ikavuka mipaka na kuingia Kampala na Kigali. Sasa sisi, ambao kahawa tumeikuta kwa mababu, mbona hatuna hata tawi moja la aina ile? Barazani majibu hayachelewi. Mmoja atasema ni siasa, mwengine kodi, wa tatu atasema Wazanzibari hatuna fedha za kulipia kikombe cha bei ile.

Kila jibu lina ukweli wake kidogo, ila yote yanaanzia pasipo. Yanachukulia kwamba Java House na mzee aliyekaa na dele, birika lake la kahawa, mtaani Sokomuhogo, Mji Mkongwe, wanafanya biashara moja, mmoja kwa ukubwa na mwengine kwa udogo. Biashara zao ni mbili tofauti kabisa, na tofauti hiyo huonekana mtu akifuata namna Java ilivyokua na namna ilivyopita mikononi mwa matajiri wa Washington, Dubai na London.

Tawi la kwanza lilifunguliwa mwaka 1999 pale Adams Arcade, Nairobi. Walioanzisha ni Wamarekani wawili, Kevin Ashley na Jon Wagner, na lengo lao lilikuwa kuwazoesha watu wa Kenya kunywa kahawa nzuri. Kuifundisha Kenya kunywa kahawa! Kahawa ya Kenya inasakwa na wakaangaji wa dunia nzima, na hata hivyo lengo lile lilikuwa na maana, kwa sababu ya historia ya zao lenyewe.

Wamisionari waliipanda Bura, katika vilima vya Taita, mwaka 1893. Baada ya hapo mashamba makubwa yakawa ya walowezi, na Mwafrika akazuiwa kuwa na mibuni yake. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilianza kuruhusu kidogo kidogo katika sehemu kama Kisii na Meru. Ruhusa pana ilikuja na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, katikati ya vita vya Mau Mau. Kwa hiyo mkulima alipoipata kahawa, aliipata kama zao la fedha, jambo la ushirika na hati za malipo. Aliichuma, akaipeleka kiwandani, ikamenywa na kukaushwa, ikapangwa madaraja, ikapigwa mnada Nairobi, ikapakiwa meli Mombasa. Jikoni kwake ilichemka chai ya maziwa.

Tanganyika mambo yalifanana. Wamisionari wa Kikatoliki waliifikisha kahawa Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898, Wachaga wakaishika kwa bidii na kuunda chama chao cha ushirika cha KNCU, na mzigo ukaenda Ulaya. Wahaya wa Kagera wana habari yao peke yao: wao walikuwa na kahawa kabla ya mkoloni, wakiichemsha pamoja na majani ya kunukia, wakaikausha, na mgeni akakaribishwa kwa kuitafuna.

Ndiyo maana mwaka 1999 mtu angeweza kuzaliwa Nyeri au Moshi, akakulia chini ya mibuni, na kahawa pekee aliyowahi kuionja ikawa ya unga wa kopo. Ukichunguza kipindi chenyewe utaona jambo jengine. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo, uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa duniani, ulivunjika. Kufikia mwaka 2001 wastani wa bei ya soko la dunia ulikuwa chini ya senti 50 za dola kwa paundi moja ya uzito, karibu nusu kilo. Wakulima wengi waliitupa mibuni yao, wengine wakaing'oa wapande mahindi. Katika miaka hiyo hiyo Java ilikuwa inafungua milango na kuwauzia watu wa mjini kikombe kimoja kwa bei iliyozidi kwa mbali thamani ya paundi nzima ya buni sokoni.

Wengi huona hapo pana dhulma ya wazi, na mimi sitaki kuipuuza hasira hiyo. Lakini hesabu ya kikombe inataka kutazamwa kwa utulivu. Spreso moja, kikombe kidogo cha kahawa nzito, hutumia kiasi cha gramu 7 hadi 9 za kahawa iliyosagwa, kwa hiyo kilo moja iliyokaangwa hutoa vikombe zaidi ya 100. Buni ikikaangwa hupoteza karibu asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, bado vikombe ni vingi. Hata mkulima angelipwa mara mbili, bei ya kikombe isingetikisika sana. Sehemu kubwa ya fedha ile inakwenda kwengine: kodi ya jengo, mishahara, maziwa, umeme, mashine, usafi, mlinzi wa mlangoni, intaneti. Tuliweke akilini hilo.

Java haikukaa kwenye kahawa tupu. Pole pole ikageuka mkahawa wa chakula kwa mtindo wa Kimarekani: mayai ya asubuhi, baga, saladi, viazi vya kukaanga, keki. Baadaye ikazaa ndugu zake, Planet Yogurt kwa mtindi ulioganda na 360 Degrees Pizza. Ilipoingia Uganda ilikuta tayari kuna Café Javas, mali ya kampuni ya Mandela, wakapelekana mahakamani kugombea jina. Hayo ni ya kawaida katika biashara. Panapowatatiza watu ni kwenye umiliki.

Mwaka 2012 hisa nyingi za Java zilinunuliwa na Emerging Capital Partners, wasimamizi wa mitaji wenye makao Washington. Wakati huo matawi hayakuwa yamefika 20. Mwaka 2017 waliuza, matawi yakiwa karibu 60 katika nchi tatu, na mnunuzi alikuwa Abraaj ya Dubai. Mwaka uliofuata, Juni 2018, Abraaj ikaanguka: wawekezaji wakubwa walihoji fedha zao zimetumikaje, na kampuni ikaomba yenyewe kuwekwa chini ya wafilisi katika visiwa vya Cayman. Mwaka 2019 Actis ya London ikachukua usimamizi. Na wale wa Washington waliotoka? Walikwenda kununua Artcaffé, mshindani mkubwa wa Java hapo hapo Nairobi.

Mtu akisikia mlolongo huo hudhani biashara ilikuwa mbovu, kila anayeishika inamuunguza. Hasa ile habari ya Abraaj: mwenye mali amefilisika, vipi mikahawa haikufungwa, wahudumu wakaendelea kupokea mishahara, na kahawa ikaendelea kutoka mashineni?

Kwetu jambo hili linaeleweka upesi kwa sababu tuna wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na kila mtu anajua kwamba msimamizi wa wakfu si mwenye nyumba. Yeye hukusanya kodi, hutengeneza paa, hutafuta mpangaji, na hupata ujira wake. Akifilisika katika shughuli zake binafsi, wadai wake hawawezi kuja kuichukua nyumba. Kinachohitajika ni msimamizi mwengine. Abraaj alikuwa msimamizi wa namna hiyo. Hisa za Java zilikuwa ndani ya mfuko, na fedha za mfuko ni za wawekezaji: mifuko ya pensheni, taasisi za maendeleo za serikali za nje, matajiri. Chini ya mfuko ipo kampuni ya mikahawa yenyewe, yenye mikataba yake, madeni yake na akaunti zake benki. Ngazi ya juu ilivunjika, ya kati na ya chini zikabaki, na Actis akaja kukaa pale palipobaki wazi.

Na kwa nini kuuzwa uzwa? Kwa sababu mfuko wa aina hii una umri. Kwa kawaida wawekezaji hutoa fedha zao kwa miaka kama kumi. Katika miaka ya mwanzo msimamizi hununua kampuni, katika miaka ya mwisho lazima aziuze arejeshe fedha. Ujira wake wa kawaida ni kama asilimia 2 ya mtaji kila mwaka, na akiuza kwa faida hupata kama asilimia 20 ya faida hiyo. Kwa hiyo tangu siku anayonunua, macho yake yako kwenye siku ya kuuza.

Sasa bei ya kuuzia hupatikanaje? Tuchukue mfano wa kubuni. Mikahawa inaleta faida ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, na soko hulipa mara nane ya faida ya mwaka. Bei yake ni milioni 800. Ukifungua matawi mengi mpaka faida ikafika milioni 300, bei inakuwa bilioni 2 na milioni 400. Kila tawi jipya linalofanya vizuri haliongezi tu faida yake ya mwaka, linaongeza mara nane ya faida hiyo kwenye bei ya kampuni nzima. Hapo ndipo matawi yakatoka chini ya 20 yakakaribia 60 ndani ya miaka mitano. Sina sababu ya kuamini kwamba mapenzi ya watu wa Nairobi kwa kahawa yaliongezeka mara tatu katika miaka ile. Kilichoongezeka ni mtaji wenye haraka.

Tawi linalofunguliwa kwa haraka linahitaji kitu kinachoweza kurudiwa bila kuharibika. Kahawa nzuri ni ngumu kuirudia, ladha hubadilika kwa maji, kwa mkono, kwa siku. Baga hurudiwa. Mkaao hurudiwa vizuri zaidi: kiti kile kile, meza ile ile, soketi ya umeme pembeni, neno la siri la intaneti, choo kisafi. Mtu anayeingia Java saa tatu asubuhi na kompyuta yake, akaagiza kikombe kimoja na kuondoka saa saba mchana, amenunua masaa manne ya kiti. Nairobi ni mji wa watu milioni 4 na zaidi, foleni ndefu, nyumba ziko mbali na mjini, ofisi ni ghali. Pa kukaa kwa amani na kukutana na mtu ni bidhaa adimu, na bidhaa hiyo ndiyo inayolipiwa kwa jina la kahawa.

Tuvuke maji turudi Unguja. Kahawa ilitufikia kwa njia ya dini na bahari. Masufi wa Yemen, katika karne ya 15, waliinywa ili wakeshe katika dhikri, na buni zikasafirishwa kutoka bandari ya Mukha. Ikaenea Hijazi, Misri, Uturuki. Tangu mwanzo ilifuatwa na shaka ya watawala: mwaka 1511 ilipigwa marufuku Makka, na mwaka 1675 mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alijaribu kufunga nyumba za kahawa za London kwa kuhofia maneno yanayosemwa humo, akarudi nyuma baada ya siku chache. Kwetu ilikuja na Waomani na Wayemeni. Washihiri, watu wa Hadhramaut, ndio waliojulikana sana kwa kuizungusha mitaani, wakibeba dele kutoka kichochoro hadi kichochoro.

Sisi wenyewe hatukuwa wakulima wake wakubwa. Tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, ardhi nzuri ilikwenda kwenye karafuu, kisha nazi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika na kuwa ndiyo shamba kuu mpaka leo. Kahawa ya madukani kwetu inatoka Bara. Zanzibar kwa hiyo ni kisiwa cha wanywaji jirani na nchi ya wakulima, na wakulima hao, kama nilivyosema, zao lao waliliuza zaidi kuliko kulinywa.

Anayetaka kuona biashara ya upande wa pili asimame karibu na muuza kahawa baada ya sala ya alasiri. Buni zake zimekaangwa mpaka zikawa nyeusi, zikatwangwa, zikachemshwa muda mrefu, pengine na tangawizi au iliki. Dele ni la shaba, tumbo pana, shingo nyembamba, mdomo umepinda, na makaa yako chini yake ili kahawa isipoe akitembea. Mkono mmoja umeshika dele, mwengine umeshika vikombe vya kaure viwili vitatu, na anavigonganisha kwa mdundo ambao mtu aliye ndani ya nyumba anautambua kabla hajamwona mwenyewe. Pembeni kuna ndoo ya maji ya kusuuzia. Kahawa ni tungu, haitiwi sukari. Utamu unatoka kwenye kashata, kipande cha haluwa au tende. Mtu hunywa viwili, vitatu, na hulipa anapoinuka. Muuzaji hana daftari, na mnywaji hajaulizwa.

Kikombe ni cha shilingi mia au mia mbili. Iweje rahisi hivyo, na buni ni zile zile za Bara? Hesabu yake ni kahawa, makaa, maji na jasho. Hana kodi ya jengo. Hana viti. Kiti kimeshajengwa na mwenye nyumba, kimeungwa na ukuta wake kwa mawe na chokaa, kimekaa nje ya mlango kwa miaka mia na zaidi, na yeyote apitaye ana haki ya kukikalia akitoa salamu. Baraza ni mali ya mtu mmoja inayotumiwa na mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kuidaia fedha.

Hapo ndipo biashara mbili zinapoachana. Nairobi, kiti ni adimu na kahawa ni kisingizio. Mji Mkongwe, na hata Ng'ambo, kiti ni bure, kwa hiyo kinachobaki kuuzwa ni kahawa yenyewe. Msururu wa mikahawa ukija kwetu utakuwa unauza kwa bei ghali kitu ambacho mtaa umekitoa sadaka. Ndiyo sababu yangu ya kwanza, na ndiyo nzito kuliko zote, kuliko hata kipato.

Zipo nyengine. Biashara ya matawi hutaka jiko kuu moja linalolisha matawi mengi yaliyo karibu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, watu milioni 1.89, chini ya nusu ya Nairobi peke yake. Wageni ni wengi, zaidi ya 600,000 mwaka 2023, ila wametawanyika Nungwi, Paje, Kiwengwa, na wengi wao chakula cha asubuhi kimeshalipiwa hotelini. Jengo la Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, huwezi kulivunja ukuta na kubandika bango kubwa upendavyo. Na kuna Ramadhani: mwezi mzima ambao mchana kwetu migahawa hufungwa na watu hawali hadharani. Mkahawa unaoishi kwa mayai ya asubuhi na baga ya mchana utavumiliaje mwezi huo kila mwaka, ukiwa na hesabu za kupeleka London? Muuza dele hana tatizo hilo. Jua likizama, wateja wake wote wako pale, na wanakaa mpaka karibu na daku.

Mikahawa ya kukaa ndani ipo mjini, na mengine ni mizuri. Zanzibar Coffee House ya Mkunazini, katika nyumba kongwe ya mwaka 1885, iliunganishwa na shamba la kahawa la Utengule, Mbeya, na mimi naupenda uhusiano huo wa moja kwa moja kati ya kisiwa na shamba la Bara. Lakini wengi wanaokaa humo ni wageni, kwa sababu mgeni ndiye asiye na baraza lake.

Sasa, nisije nikaonekana nalisifia baraza kupita kiasi. Kiti cha bure nacho kina gharama zake, na Wazanzibari wamezilipa.

Gharama moja ni siasa. Uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 ulileta zama ambazo watu walisusiana maduka, mabasi, hata mazishi, na barazani palijulikana nani anakaa wapi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 hali ikarejea. Kisonge, Michenzani, ni maskani ya CCM, maarufu kwa ubao wake wa maandishi. Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, pakajulikana kuwa ngome ya CUF na baadaye ACT-Wazalendo. Mtu wa upande mmoja hakuwa akisimama kwa wenzake wa upande wa pili kunywa kikombe, na Pemba baada ya uchaguzi wa 1995 mgawanyiko huo uliingia mpaka ndani ya familia. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, na kura ya maoni ya Julai 2010 iliyofuata, yaliwarudisha watu wengi kwenye mabaraza ya wenzao. Mkahawa wa kulipia hauna historia hiyo. Anayelipa anakaa, haulizwi ni wa nani.

Gharama ya pili ndiyo inayonikera zaidi. Baraza la nje, kwa desturi yetu, ni la wanaume. Mwanamke wa Kizanzibari anaijua kahawa vizuri kuliko mumewe: ndiye anayeikaanga na kuitwanga, ndiye anayeipika kwenye hitma na maharusini. Hukaa na wenzake ukumbini au uani. Lakini mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar anayetaka kukaa na wenzake watatu mjini, wasome, wazungumze, wanywe kitu cha moto, aende wapi? Baraza la Sokomuhogo halimhusu. Mkahawa wa wageni bei yake ni ya wageni. Ukiingia Java yoyote Nairobi utawaona wanawake wamejaa, peke yao, wawili wawili, na mabosi wao, na watoto wao, na hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Msururu ule umewauzia kiti ambacho mji wao haukuwapa bure. Katika yote yanayosemwa juu ya Java, mazuri na mabaya, hili ndilo ninalolitamani kwetu.

Na kwetu tayari pana mahali ambapo jambo hili linawezekana bila tajiri wa Dubai wala wa London. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jioni wamejaa akinamama na watoto, wameketi kwenye kuta za chini na kwenye viti vya bustani, wanakula urojo, wanakunywa juisi ya miwa. Kiti ni cha umma, ni bure, na kwa mwanamke ni halali bila maelezo. Kinachokosekana ni dele linaloshikwa na mwanamke, likapita kwa wanawake wenzake, kwa bei ile ile ya mia au mia mbili. Mtaji wake ni dele, vikombe, ndoo, kilo chache za buni na kibali cha wenye kusimamia bustani. Wakipatikana kumi wa kuanza, wakanunua buni zao kwa pamoja kutoka Kagera au Kilimanjaro badala ya kila mmoja kwenda dukani na pakiti, tayari wana msururu wao, na tawi la pili linaweza kuwa Chake Chake.